Teke la bunduki haliishi, huhama: Karungu ya 1914 na neno tunalolitafuta

Juzi nilikuwa Sori, soko lililo ufuoni mwa Ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori. Nilikuwa nimeketi na jaduong' mmoja, maana ndivyo tunavyowaita wazee kwa heshima upande huu wa ziwa, tukiwatazama akina mama wakianika omena. Mzee huyu aliwahi kufanya kazi ya kulinda wanyamapori kwa miaka mingi. Kila nilipomsemesha aligeuza kichwa ili anipe sikio la kulia. Nikamwuliza kama la kushoto linamsumbua. Akacheka.

"Hilo lilikufa zamani, Mwalimu. Na halikuuawa na bunduki yangu. Liliuawa na bunduki ya mwenzangu."

Akanieleza kwamba kwenye mazoezi ya kulenga shabaha, jirani yake wa mkono wa kushoto alikuwa na bunduki kubwa yenye kichuma cha matundu kwenye mdomo wa mtutu. Mwenye bunduki alikuwa anafurahi kwa sababu bega lake haliumi. Yeye jirani, kila risasi ilipotoka, alihisi kama amepigwa kofi la uso. Kisha akanitupia swali: "Sasa nyinyi wa chuo kikuu, kile kichuma mnakiitaje kwa Kiswahili?"

Msomaji mpendwa, nilikosa jibu. Waingereza hukiita 'muzzle brake', yaani breki ya mdomo wa bunduki. Sisi je? Nilirudi nyumbani nikiwa na deni. Makala hii ni jaribio la kulilipa, na kwa kuwa neno halina maana bila historia ya kitu chenyewe, itabidi nianze mbali kidogo kabla ya kurudi pale pale Karungu. Pale pana mkasa wa bunduki ambao vitabu vyetu vya historia huutaja kwa sentensi moja na kuupita.

Tuanze na maneno tuliyo nayo. 'Bunduki' limetoka Kiarabu. Asili yake ni 'bunduq', tunda gumu dogo la mviringo, kisha likawa jina la kijiwe au gololi iliyorushwa kwa upinde, na mwishowe silaha yenyewe. Kutoka Kiswahili neno likapanda bara, na huku kwetu Waluo huita bunduki 'bunde'. 'Risasi' nalo ni la Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile metali laini na nzito ambayo risasi za kale zilitengenezwa kwayo. 'Bastola' linafanana na majina ya Ulaya kwa sababu limetoka huko. 'Mzinga', kwa upande mwingine, ni letu kabisa: gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki lilipata ndugu wa chuma anayetema moto. 'Gobori' ni ile bunduki ya kushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni. Zilipokuja risasi zilizofungwa tayari pamoja na baruti yake, watu wa pwani waliziita 'viasi', kwa kuwa baruti ilikuwa imekwisha kupimwa.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba wahenga wetu hawakuogopa vyombo vya kigeni. Walikopa palipofaa kukopa na wakaunda palipofaa kuunda. Hata lile pigo ambalo bunduki humrudishia mfyatuaji hawakulikosea jina. Walisema bunduki inapiga teke. Kwa Dholuo pia utasikia kitenzi cha punda na cha mchezaji kandanda, 'gweyo'. Ni jina zuri, kwa maana linatuambia kwamba bunduki ina pande mbili za kuumiza: mbele kwa risasi na nyuma kwa teke.

Kwa nini ipige teke? Methali yetu inajibu vizuri kuliko vitabu vingi vya fizikia: mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Isaac Newton aliandika kanuni hiyo mwaka 1687 kwamba kila msukumo una msukumo wa kinyume ulio sawa nao. Baruti inapolipuka husukuma risasi mbele na bunduki nyuma. Ukitaka kulinganisha mateke ya bunduki mbili, zidisha uzito wa risasi kwa kasi yake. Zao likiwa kubwa, teke ni kubwa. Ongeza na gesi ya baruti, maana nayo hutoka mdomoni kama pumzi ya mtu aliyeshikilia hewa, tena kwa kasi kuishinda risasi yenyewe. Halafu gawanya kwa uzito wa bunduki. Bunduki nzito husogea polepole na nyepesi huruka begani. Hesabu yenyewe ni hiyo tu.

Sasa twende Karungu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa wameweka hapo kituo chao cha utawala, kabla makao hayajahamishiwa Kisii. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alipita hapo akichimba mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Ila mahali palijulikana zaidi kama bandari ndogo, karibu na mpaka wa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Vita vilipozuka Ulaya mnamo Agosti 1914, mpaka huo uligeuka uwanja wa mapigano kwa haraka ambayo wenyeji hawakuitarajia.

Mwezi Septemba Wajerumani walivuka kutoka kusini. Chombo chao kidogo cha moshi, Muansa, kilikuwa kimefungwa mizinga na kikatamba katika ghuba hii. Karungu ikaangukia mikononi mwao, kisha wakapanda hadi mji wa Kisii na kuukalia. Tarehe 12 Septemba kikosi cha King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilifupisha kuwa 'Keya', kiliwakabili huko Kisii. Kapteni Thorneycroft aliyewaongoza Keya aliuawa. Hata hivyo Wajerumani nao waliumia vya kutosha wakarudi nyuma. Meli ya Waingereza iitwayo Winifred ilipokuja Karungu ilifukuzwa na Muansa. Ikarudi ikiwa na mwenzake, Kavirondo, ikakuta adui amekwisha kuondoka.

Wengi huishia hapo. Mimi naomba tuangalie mabega ya askari. Mwanzoni mwa vita sehemu kubwa ya askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja iliyotumia baruti nyeusi. Risasi yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi, ikitoka kwa kasi ya takriban mita 430 kwa sekunde. Keya walitumia risasi za .303, zenye baruti isiyo na moshi. Hizo zilikuwa na uzito wa kati ya gramu 11 na 14 kutegemea toleo, na kasi ya mita 600 hadi 750 kwa sekunde.

Hebu tuzidishe. Risasi ya Mauser ile kongwe inatupa karibu 11, na ya .303 inatupa kati ya 8 na 9. Kwa hiyo askari wa Mjerumani alikuwa anapigwa teke zito zaidi na silaha duni zaidi. Isitoshe, kila alipofyatua, wingu la moshi mweupe lilipanda juu ya kichaka alichojificha na kumwambia adui: niko hapa. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alilalamikia jambo hilo, na haishangazi kwamba baada ya ushindi wake wa Tanga mnamo Novemba 1914 alifurahia sana bunduki za kisasa alizoteka, zilizotosha kampuni tatu.

Nasema haya kwa sababu uchaguzi ule haukufanywa na aliyeumia. Askari Msukuma au Mmanyema hakuulizwa anataka bunduki gani. Ofisi fulani ya mbali ilikuwa na maghala ya silaha ambazo jeshi la Ulaya lilikuwa limeziacha. Ikaona zitafaa kwa makoloni. Gharama iliyookolewa kule ililipwa na bega huku. Hilo ndilo teke la kwanza kuhama katika hadithi yetu.

La pili ni kubwa zaidi. Vita vile havikupiganwa na wenye bunduki peke yao. Kwa kila askari kulikuwa na wapagazi waliombebea chakula, risasi na hata vipande vya mizinga. Nyanza Kusini na Nyanza nzima ilitoa vijana wengi wa kazi hiyo. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki ndimini mwetu kama Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Hesabu rasmi ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ilizidi 40,000. Wapo wanahistoria wanaoifikisha karibu 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Hawakufyatua hata risasi moja, lakini teke la vita liliwapata wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Je, mtu mwenye uhuru wa kuchagua alifanyaje? Tunaye shahidi wa jirani. Miaka michache kabla ya vita hivyo Mskoti mmoja, Walter Bell, alikuwa anawinda ndovu Karamoja, kaskazini mwa Uganda. Watu wakampachika jina la Karamojo Bell. Aliua zaidi ya ndovu 1,000, na leo hatuwezi kuisoma takwimu hiyo bila kusikitika. Hata hivyo uchaguzi wake wa silaha una funzo. Wawindaji wenzake waliamini kwamba mnyama mkubwa hudai bunduki kubwa. Wakabeba zile za mitutu miwili za .577, zenye risasi ya gramu 48 hivi na kasi ya mita 620 na ushei kwa sekunde. Zidisha na utapata karibu 30. Bell kwa kawaida alibeba bunduki nyepesi ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11. Zao lake halifiki hata 8.

Bell aliona kwamba teke huharibu kabla halijapigwa. Mtu anayejua ataumizwa hufumba macho, hukaza bega na kuvuta kifyatulio kwa pupa, basi risasi inakwenda kando. Yeye alisoma mwili wa ndovu, akajua ubongo uko wapi, akatumia risasi ndogo mahali panapostahili. Njia yake ya kwanza ya kupunguza teke ilikuwa kutolialika. Kumbuka hilo, maana tutalirudia.

Lakini si kila mtu anaweza kupunguza risasi. Mzinga hauwezi kuua meli kwa kokoto. Watu wa mizinga ndio waliolazimika kulitafutia teke dawa kabla ya watu wa bunduki. Katikati ya karne ya 19 afisa wa Kifaransa, Treuille de Beaulieu, alijaribu kutoboa matundu ya mshazari karibu na mdomo wa mzinga. Wazo lilikuwa hili: gesi inayofuata risasi, badala ya kwenda mbele yote na kuongeza msukumo wa nyuma, ielekezwe pembeni na kinyumenyume. Ikigonga kuta za matundu inausukuma mtutu mbele kidogo, na msukumo huo unapunguza teke. Baadaye, mwaka 1897, Wafaransa hao hao walitoa mzinga wao maarufu wa milimita 75 ambao mtutu wake huteleza nyuma juu ya mitambo ya mafuta na hewa, kisha ukarudi mahali pake huku magurudumu yametulia. Njia ni mbili tofauti. Moja hulipa teke kidogo kidogo kwa muda mrefu. Nyingine huigeuza gesi njia.

Kwa bunduki ya begani matundu hayo yalichelewa, na sababu iko katika baruti. Baruti nyeusi ya Mauser ya 1871 huwa imekwisha kupoteza shinikizo kubwa risasi inapofika mdomoni. Kichuma cha matundu kingesaidia kidogo tu, tena kingejaa masizi kwa muda mfupi. Baruti isiyo na moshi ni jambo lingine. Katika .303 baruti ina takriban gramu 2 na nusu, ila gesi yake inatoka kwa kasi kiasi kwamba huchangia karibu robo ya teke lote. Hapo kuna kitu cha kugeuzwa. Kadiri baruti inavyozidi ikilinganishwa na risasi, ndivyo kichuma hicho kinavyokuwa na kazi.

Mfano mzuri ni bunduki za kupigia vifaru. Mwaka 1918 Wajerumani walitoa Mauser kubwa ya milimita 13 dhidi ya vifaru vya Waingereza. Haikuwa na kichuma chochote mdomoni wala mto kwenye kitako, na askari waliiogopa karibu sawa na kifaru chenyewe. Waingereza walipotoa yao mwaka 1937, iliyoitwa Boys, ilikuwa na uzito wa kilo 16 hivi, mto wa mpira kwenye kitako, na kichuma cha mviringo chenye matundu mdomoni. Walioitumia walisema bado ilikuwa inapiga kama nyumbu. Ukiondoa dawa zote tatu, sijui nani angeifyatua mara mbili.

Tangu hapo chombo hiki kimeenea. Bunduki ya Kirusi ya AK-74, iliyotolewa mwaka 1974, ilikuja na kichuma kirefu chenye vyumba ndani, na ndicho kinachoitofautisha kwa jicho na AK-47 tunayoizoea kwenye picha za habari. Leo bunduki nyingi za shabaha ya mbali na za wawindaji huja na nyuzi tayari kwenye mdomo wa mtutu, kazi kwako kuchagua cha kufunga.

Nchini Kenya, ambako uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977 na umiliki wa bunduki unahitaji leseni, uchaguzi huu unawahusu wachache: walinzi wa wanyamapori, askari na wanachama wa vilabu vya shabaha. Jirani yetu Tanzania, ambako uwindaji kwa kibali unaendelea, unawahusu wengi zaidi. Nitasema kwa ufupi mambo ambayo mchaguzi mwenye busara huyapima, kwa kuwa ndani yake ndimo mna jibu la neno.

Kwanza, kinachofungwa mdomoni si kila mara kitu kimoja. Watu huchanganya vyombo vitatu. Kuna kificha mwali, ambacho hutawanya moto wa baruti ili mfyatuaji asipofuke usiku. Bunduki nyingi za jeshi, ikiwemo G3 ambayo polisi wetu walibeba kwa miongo mingi, zina hicho. Kuna kiwambo cha sauti, ambacho huifungia gesi ndani na kuitoa polepole, basi mlio unapungua na teke nalo linapungua. Halafu kuna hiki cha jaduong', ambacho huigeuza gesi pembeni. Vyote vitatu vina umbo la kopo au la filimbi, na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kukuuzia kimoja kwa jina la kingine.

Pili, uelekeo wa matundu. Yakiwa pande zote, pamoja na chini, mtu anayefyatua akiwa amelala kifudifudi hujirushia vumbi la Karungu machoni. Yakiwa ya pembeni tu, vumbi hupungua. Yakiwa mengi zaidi juu, mtutu hausukumwi kupanda sana. Yakielekea nyuma zaidi, teke hupungua zaidi, na mlio humrudia mfyatuaji na majirani zake zaidi. Hakuna tundu lisilo na bei yake.

Tatu, vipimo. Tundu la katikati lisipokuwa pana kidogo kuliko risasi, au nyuzi zikifungwa upande, risasi itagusa chuma na kupotoka, au ipasue kila kitu. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha aliyeidhinishwa, haifai kuachiwa welda wa kando ya barabara.

Nne, mlio wenyewe. Wataalamu wa masikio huweka desibeli 140 kuwa mpaka wa mlio wa ghafla ambao sikio halipaswi kuuvuka. Bunduki kubwa ya kawaida huukaribia au huuvuka 160 hata bila kichuma chochote. Ukikifunga, mfyatuaji na walio kando yake hupata desibeli kadhaa za ziada, na desibeli haziendi kama shilingi: ongezeko la 10 ni mara 10 ya nguvu ya sauti. Sikio la ndani lina vinywele laini ambavyo vikifa havioti tena. Kwa hiyo mwenye kuchagua kichuma hiki amechagua pia vizibo na vikinga vya masikio, vyake na vya kila aliye jirani. Mwindaji porini ambaye anataka kusikia matawi yakivunjika mbele yake mara nyingi hataki kuziba masikio. Huyo basi afikirie njia ya Bell: risasi ndogo, ustadi mkubwa, au angalau mto wa mpira kwenye kitako na bunduki nzito kidogo.

Vichuma vizuri hupunguza teke analolisikia mfyatuaji kwa robo hadi nusu. Si haba. Kwa mtu mwenye bega bovu, au mwanafunzi anayeanza, au askari mwenye umbo dogo aliyekabidhiwa bunduki iliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine, hiyo ni tofauti kati ya kulenga na kubahatisha. Sitaki nionekane nakipinga. Ninachopinga ni kudhani kwamba ile nusu iliyoondoka imekufa. Haijafa. Imehamia kwa jirani.

Sasa turudi kwenye deni langu. Tukiite nini?

Wapo watakaosema 'breki ya mtutu', na sitawakemea. 'Breki' tumelizoea tangu enzi za baiskeli na garimoshi, na linaeleweka kutoka Lamu hadi Bukavu. Kasoro yake ni kwamba breki hukamata gurudumu na kulisimamisha. Kichuma hiki hakikamati chochote. Tena mtu asiyejua anaweza kudhani ni kifaa cha kuzuia bunduki isifyatuke, na hapo tumemhatarisha. Tafsiri ya neno kwa neno imetupatia picha ya gari badala ya picha ya bunduki.

Wengine watasema 'kizuia teke'. Hili ni kosa la ukweli, maana teke halizuiwi. 'Kipunguza teke' ni bora, ila lina matatizo mawili. Mto wa mpira kwenye kitako nao ni kipunguza teke, na uzito wa bunduki vilevile. Pia linasema habari za mfyatuaji peke yake. Ukimwambia jaduong' wa Sori kwamba kile kilichomwua sikio kinaitwa kipunguza teke, atakuuliza: kilimpunguzia nani?

Pendekezo langu ni 'kichepushi', au kwa ukamilifu 'kichepushi cha gesi'. Tunacho kitenzi 'chepuka', kuacha njia kuu na kushika ya kando. Tunacho 'chepusha', kumfanya mwingine aiache. Kichuma kile hakifanyi zaidi ya hapo: huichepusha gesi. Neno hili linatofautisha vyombo vitatu bila utata. Kificha mwali huficha, kiwambo huzuia sauti, kichepushi huchepusha. Fauka ya hayo, lina adabu ya kumwuliza anayelisikia: imechepushwa kwenda wapi? Istilahi nzuri haimwachi mtu amesinzia. 'Kipunguza teke' tulihifadhi liwe jina la jumla la dawa zote za teke, pamoja na mito na mitambo ya mizinga.

Najua kuna msomaji anayeguna: Profesa, njaa yote hii nchini na wewe unaunda maneno ya bunduki? Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba bunduki zipo tayari, ziko kwa askari wetu, kwa walinzi wetu, na kwa bahati mbaya kwa wezi wa mifugo pia. Maelekezo yake yameandikwa kwa lugha ambazo wengi wanaozibeba huzisoma kwa taabu. Mwaka 1914 vijana wa Nyanza na wa upande wa pili wa mpaka walipewa vyuma bila maelezo, na waliolipa ni wao. Keya walijijengea Kiswahili chao cha kambini, kikavunjwavunja sarufi bila haya, kwa sababu walihitaji kuelewana kabla ya risasi kuanza kulia. Sisi wenye kamusi na idara za lugha tuna kisingizio gani? Kijana anayeajiriwa leo kulinda ndovu anastahili kuambiwa kwa lugha anayoiota kwamba kichuma hiki kitalinda bega lake na kudhuru sikio la mwenzake, na kwamba avae vikinga na amhimize mwenzake avae.

Nilimpigia simu jaduong' juzi kumpelekea neno. Nilisema 'kichepushi' mara tatu, maana alikuwa ameweka simu kwenye sikio la kushoto kwa mazoea. Alipolihamisha akalisikia. Akalirudia polepole, kama mtu anayeonja samaki kujua kama ni wa leo.

"Ni zuri, Mwalimu," akasema. "Mimi ningekiita filimbi. Lakini filimbi hupulizwa kwa hiari."

Basi wasomaji wangu, hasa mliowahi kubeba bunduki kazini, uwanja ni wenu. Kama kikosini mwenu mna jina la chombo hiki ambalo limekwisha kuzoeleka, niandikieni kupitia gazeti hili. Neno la watumiaji likishinda langu, nitalikubali bila kinyongo, mradi liseme ukweli kuhusu mahali teke linapokwenda. Kwaherini hadi wiki ijayo.